Mvivu Anarudi Kazini

"Hebu nieleze tena," alisema Mzee Bisibisi. "Huyo anayegawa watu, anajuaje nani kazidiwa?"

Chakula kilikuwa kinapoa mezani, na mkamwana wake alikuwa ameingia muda si mrefu, mkoba bado begani. Lakini mzee akishauliza jambo hakukuwa na pa kukimbilia. Alitengeneza redio maisha yake yote, na hata baada ya jicho la kushoto kuzimika kabisa na la kulia kuanza kuingia ukungu, hakuacha kufungua vitu. Siku chache zilizopita alikuwa amefungua pasi, kengele ya mlango na simu ya binti yake, na katika hivyo vyote ni pasi tu iliyofungwa tena ikawaka. Mtaani walimwita Bisibisi, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

"Mgawaji ni programu tu, baba, anahesabu," alijibu mkamwana, akaketi. "Anajua kila seva, yaani kila mtambo wetu, ina watu wangapi kwa wakati huo. Yenye watu wachache ndiyo inayopelekewa anayefuata."

"Nazo ziko ngapi?"

"Nne."

"Zina majina?"

Alicheka. Kazini kwake hakuna mtu wa nje aliyewahi kuuliza hilo. "Rasmi zina namba. Ila sisi tunaziita Mkubwa, Pacha, Mvivu na Mgeni. Mvivu ndiye wa tatu. Anapata joto upesi, na akipata joto anaanza kujivuta."

"Huo si uvivu, ni homa. Mnamsingizia," alisema mzee.

Mume wa mkamwana, fundi makochi, alikuwa anakula kimyakimya, nyuzi za sponji bado zimemganda kwenye nywele. Wifi yake mkamwana, msusi, alikuwa anakula kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika ile simu iliyofunguliwa na baba yake, ambayo sasa ilikubali kuzungumza lakini haikubali kusikia. Kwa kawaida wawili hao hawakujali mambo ya seva. Jioni hiyo walijali, kwa sababu kesho yake asubuhi zingefunguliwa nafasi za wagonjwa wa mtoto wa jicho kwa madaktari bingwa wa macho, wanaopita hospitali ya umma mara moja moja. Nafasi zilikuwa chache na zilichukuliwa kwa simu, kwenye mfumo wa hospitali, na mfumo huo ulitunzwa na kampuni aliyofanyia kazi mkamwana. Safari iliyopita mzee alikosa. Tangu hapo ukungu ulikuwa umezidi, na daktari wa zahanati alikuwa amesema wazi kwamba jicho hilo likiachwa hivi hivi halitangoja sana. Kwenye hospitali binafsi waliuliza bei, na baada ya kutajiwa, familia nzima ilirudi nyumbani.

"Sasa huyo mwenye homa mnamtibuje," mzee aliendelea, "na watu wamo ndani yake?"

Mkamwana alivuta vikombe vinne akavipanga mbele ya mzee, na mzee akavipapasa kimoja kimoja. "Kesho kabla hospitali haijafungua nafasi tunamtoa huyu wa tatu. Kwanza namwambia mgawaji asimpe mtu mpya. Walio ndani wanaendelea na shughuli zao mpaka wamalize. Kwenye programu yetu inaandikwa 'anamalizia'. Wa mwisho akitoka, inaandikwa 'yuko nje'. Ndipo fundi anamfungua."

"Na kama kuna mtu hamalizi? Mzembe kama mimi?"

"Kuna kitufe cha kukata. Ukikibonyeza, wote waliomo wanatupwa nje, wanaanza upya nyuma ya wenzao."

"Umewahi kukibonyeza?"

"Sijawahi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi naona namba tu, baba. Lakini najua kila namba ni mtu kashika simu."

Jibu hilo lilimpendeza mzee. Akakiondoa kikombe cha tatu, akakiweka mbali na vingine. "Na huyu aliye nje? Amekufa?"

"Hapana, mzima kabisa. Ila hapelekewi mtu. Sisi tunaweza kuingia kwake moja kwa moja, kwa anwani yake, tukamjaribu kama kapona."

Kijiko cha mumewe kilisimama. "Moja kwa moja?"

Hapo ndipo mkamwana alipojua kwamba amesema kupita kiasi.

"Yaani kesho watu watakuwa wanasukumana kwa hao watatu," mumewe alisema polepole, "na Mvivu amekaa peke yake, mlango wazi?"

"Si mlango wazi. Ni wa kufanyia majaribio."

"Basi jaribu kwa jina la baba."

Wifi yake aliweka simu chini. "Kwani ni uongo? Wewe unakaa langoni, sisi tukapange foleni? Watu wana shemeji zao kwenye ofisi za ovyo tu na mambo yao yanakwenda."

"Nafasi zenyewe ni chache, wifi. Nikimpitisha mmoja kwa nyuma, kuna mmoja wa mbele amekosa."

"Angekuwa baba yako aliyekuzaa, hizo hesabu usingezijua."

Maneno hayo yalimwingia. Miaka yote aliyokaa katika nyumba ile alikuwa amejitahidi kuwa mtoto wa mzee kuliko hata watoto wake, na wifi yake alijua fika pa kugusa. Akaanza kukusanya vikombe.

"Viache," alisema mzee. "Mimi sitaki huo mlango wa nyuma."

Wote walimtazama. Ingependeza kusema kwamba mzee aliongozwa na uadilifu, na pengine ulikuwepo kidogo, lakini haukuwa mbele. Mbele kulikuwa na udadisi wa kifundi.

"Mkinipeleka kwa Mvivu kwa mkono, nitajuaje kama huyo mgawaji anafanya kazi? Mimi nataka nigawiwe. Nataka nione nitapewa yupi. Si kuna mahali panaonyesha?"

"Chini kabisa ya ukurasa, baba. Kuna namba ndogo sana."

"Nitaisoma kwa kioo cha kukuzia. Na mtu asinisomee."

Binti yake alimtazama kaka yake, na kaka mtu akatazama dari.

* * *

Asubuhi, mumewe alimsindikiza hadi kituoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Alimbebea hata mkoba. Mke alijua anaombwa kitu kabla hakijatajwa.

"Baba alikuwa anatania jana," mume alisema. "Unaelewa kwamba alikuwa anatania."

"Hakuwa anatania. Unamjua."

"Sawa, hakuwa anatania, lakini yeye ni mtu wa kuchezea jicho lake mwenyewe? Juzi nimemkuta anapima kina cha chai kwa kidole ili ajue kikombe kimejaa. Kidole kikaungua, akanificha." Alisimama. "Sijawahi kukuomba kitu cha kazini kwako. Hata siku moja. Leo nakuomba. Nitakaa naye nyumbani, karakana nimeifunga. Wewe nitumie hiyo anwani tu, mengine niachie."

Mke alipokea mkoba wake. Alimpenda mumewe, na zaidi alipoona anaona aibu kuomba. "Nitaona," alisema.

Mume alichukua neno hilo kama ahadi. Mke alikuwa amelitoa ili apate kupanda basi.

* * *

Chumba cha wasimamizi kilitenganishwa na ukumbi wa mitambo kwa ukuta wa kioo. Upande wa pili wa kioo kulikuwa na baridi, taa za kijani na mvumo usiokatika. Upande huu kulikuwa na meza, viti vilivyochanika ambavyo mumewe aliwahi kuvicheka, na skrini kubwa yenye mistari minne, mmoja kwa kila seva. Kila mstari ulikuwa na namba ya watu waliomo, hali ya mtambo, na vitufe vyake mwishoni. Kazi yake yote ilikuwa pale. Mtu asiyeijua angeweza kumtazama kutwa nzima na kuapa kwamba hafanyi kitu.

Mkuu wa zamu alikuwa mwema, ila aliogopa simu. Mkurugenzi akipiga, alisimama kabla ya kupokea. "Tumtoe sasa," alisema, "kabla hawajafungua."

Mkamwana alimweka Mvivu kwenye kumalizia. Namba ikaanza kushuka. Wengi walikuwa wanaangalia tarehe za kliniki au majibu ya vipimo, wakatoka mmoja mmoja. Akabaki mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuondoka. Mkuu wa zamu alipitapita nyuma ya kiti. Fundi wa feni alikuwa amesimama mlangoni na boksi lake, akipiga miayo. Mkamwana hakugusa kitufe cha kukata. Alimwazia huyo mtu kama alivyozoea kuwawazia, safari hii mama fulani anayebembeleza mtoto kwa mkono mmoja. Hatimaye namba ikawa sifuri, maandishi yakageuka "yuko nje," na fundi akaingia na feni yake mpya.

Kazi haikuwa kubwa, lakini feni ilikataa kukaa sawasawa, na wakati ukafika Mvivu akiwa bado mikononi mwa fundi. Nafasi zikafunguliwa.

Kila mara mkamwana alijiambia atakuwa tayari, na kila mara haikuwa hivyo. Namba za Mkubwa, Pacha na Mgeni zilipanda kwa pamoja. Mistari yao ikageuka ya manjano. Kwenye chumba cha pili, dada wa huduma kwa wateja alianza kupokea simu za watu wanaosema ukurasa unazunguka tu haufunguki.

"Mvivu kapona?" mkuu wa zamu aliuliza.

"Nimemaliza," fundi alisema. "Nimemwasha."

"Mrudishe. Mrudishe sasa hivi."

Kumrudisha mtambo kazini kulikuwa na hatua tatu, na hakuna aliyezijua kuliko yeye. Kwanza kumsafisha kumbukumbu, ili asahau aliyoyabeba, maana kuzimwa hakuyafuti, na asome upya daftari kuu la nafasi. Pili kumjaribu. Tatu kumfungulia watu. Alikuwa ameinua mkono kuanza ya kwanza, simu yake ikatetemeka kando ya kibodi.

*Tuko tayari. Tuma anwani.*

Aliisoma. Akaandika *Siwezi*, akaifuta, maana ilikuwa kavu mno. Akaandika *Nisamehe mume wangu*, nayo akaifuta, kwani ilionekana kana kwamba ametenda kosa. Mwisho akatuma: *Mwache baba agawiwe kama alivyotaka. Mwambie aingie sasa hivi, naongeza seva.*

"Bado?" mkuu wa zamu aliita.

"Tayari," alisema, akarudi kwenye skrini, na mkono wake ukaenda kwenye hatua ya pili. Kipimo kilimwuliza Mvivu kama yu hai. Mvivu akajibu kwamba yu hai. Mstari ukawa wa kijani, naye akamfungulia.

Ilipendeza kutazama. Kwa vile Mvivu alikuwa mtupu, mgawaji alimwelekezea kila aliyekuja, na wale watatu wakaanza kupumua. Manjano ikafifia. Mkuu wa zamu akampiga bega kwa furaha, kitu ambacho alikifanya kwa nadra. Muda si muda simu ikatetemeka tena.

*Ameingia. Anasema nikwambie kapewa wa TATU. Anacheka peke yake kama kachanganyikiwa.*

Naye akacheka peke yake. Alimwona mzee kabisa, kainamia simu na kile kioo, pua inakaribia kugusa namba. Alifurahi kuliko alivyotarajia. Hakuna aliyependelewa, mzee alikuwa ndani, na kapewa Mvivu aliyemtetea.

Ndipo dada wa huduma alipochungulia mlangoni. "Samahani. Kuna mtu anasema mama yake alipata nafasi, kaambiwa hongera kabisa. Kafungua tena kuangalia saa, jina halipo."

"Hakuingiza vizuri," alisema mkuu wa zamu.

"Wa pili huyo. Mwenzake nimemjibu hivyo hivyo."

Mkamwana alifungua daftari kuu. Aliitafuta nafasi ya mama huyo, akaikuta ina jina la mtu mwingine. Akatazama jina hilo jipya limeandikwa kutoka wapi. Tatu. Akatazama nafasi ya yule wa kwanza. Tatu. Akashuka chini taratibu, jina kwa jina. Kila jina lililotoka kwa Mvivu lilikuwa limeandikwa juu ya jina la mtu aliyekwisha kupata.

Alielewa mara moja. Mvivu alikuwa na ile orodha aliyoibeba kabla hajatolewa, asubuhi, nafasi zote zikiwa wazi. Hakujua kwamba wenzake wamekuwa wakizigawa. Kwake yeye hospitali ilikuwa tupu, na kila aliyemjia alimpa nafasi ya kwanza aliyoiona, kwa moyo mweupe, akimfuta mwenye nafasi bila kujua.

"Sikumsafisha," alisema.

"Nini?"

"Kumbukumbu. Niliruka hatua. Anaandika juu ya majina ya watu. Lazima atoke."

Mkuu wa zamu aligeuka rangi, akatazama simu ya mezani kana kwamba imekwisha kulia. "Basi mweke kwenye kumalizia. Taratibu. Usikate, tafadhali. Ukikata watu wote hao watapiga kelele mpaka kwa mkurugenzi. Mwache amalizie na hao alio nao, tutawatafuta hao waliofutwa baadaye, tutazungumza nao."

Ilikuwa amri, tena ilitoka kwa mkubwa wake. Alimweka Mvivu kwenye kumalizia na mgawaji akaacha kumpa watu wapya. Namba ikasimama, kisha ikaanza kushuka. Safari hii kila iliposhuka, alijua maana yake. Mmoja kamaliza, na mmoja mahali fulani kafutwa.

*Amebakiza kuthibitisha tu. Anasoma masharti neno kwa neno. Kanikataza nisimsomee, unamjua.*

Aliweka simu kifudifudi. Halafu akaigeuza tena, akaisoma upya, ingawa alikwisha kuishika kwa moyo.

Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake, na hilo ndilo lililomwumiza, kwamba hakukuwa na giza lolote la kujifichia. Daftari kuu lilikuwa na kasoro ya zamani iliyolalamikiwa bila kurekebishwa, jina lililoandikwa mwisho ndilo lililosimama. Akingoja kidogo tu, mzee angebonyeza, na nafasi ingekuwa yake kweli, ya halali mbele ya madaktari. Angepelekwa, angelazwa kwenye kitanda cha upasuaji, na ukungu ungetolewa. Na mtu mmoja, aliyekwisha kuambiwa hongera, angefika hospitali siku hiyo na kuambiwa hayumo. Hakuna ambaye angemlaumu yeye. Amri ilikuwa kumalizia. Wala hakuhitaji kufanya kitu, alihitaji kukaa tu na mikono yake mapajani.

Namba ikashuka tena.

Alitaka kumpigia mumewe amwambie mzee atoke mwenyewe, akaona haya kwa jambo hilo. Alitaka mtu mwingine aje akalie kile kiti. Alitaka mzee abonyeze sasa hivi, kabla yeye hajaamua, na alijichukia kwa kutaka hivyo.

Akabonyeza kukata. Programu ikamwuliza kama ana hakika, maana imeundwa na watu waungwana. Akabonyeza ndiyo. Namba ikaanguka hadi sifuri kwa mkupuo mmoja.

"Nimekwambia umalizie!" mkuu wa zamu alisema.

"Kila anayemaliza anamfuta mwenzake."

"Nimekwambia umalizie," alirudia, sasa kwa sauti ya mtu anayetafuta atakavyoeleza. "Utaandika maelezo. Yote. Na ile hatua uliyoruka uiweke mwanzoni kabisa."

*IMEKATA! Ukurasa mweupe! Nini??*

*Aanze upya haraka,* aliandika. *Haraka sana.*

Mumewe alianza upya, safari hii yeye mwenyewe kashika simu, mzee kakaa pembeni. Walipewa Pacha. Foleni ilikuwa ndefu, na kabla haijawafikia maandishi yakatokea kwamba nafasi zimekwisha. Huku ofisini, kwa kuwa kule kukata kulilazimisha kosa lielezwe hadi juu, waliofutwa walirudishwa kwenye nafasi zao kutoka kwenye nakala ya akiba, na wale waliopata kwa Mvivu wakapigiwa simu mmoja mmoja na kuombwa radhi. Wengine walitukana. Mvivu mwenyewe alisafishwa, akajaribiwa, akarudishwa, na kwa feni yake mpya akafanya kazi vizuri kupita hata Mkubwa, kama vile si yeye.

* * *

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa mkamwana aliporudi. Mumewe alikuwa kwenye kibaraza, anapigilia vitambaa kwenye kiti cha mteja, misumari midogo kaibana midomoni. Hakuinua kichwa. Mlangoni alisimama wifi yake na kitana mkononi.

"Karibu," wifi alisema, kwa namna ambayo mtu angeweza kugeuka akaondoka.

Mkamwana hakutaka wamwulize kidogo kidogo. Alisimama palepale akaeleza yote, kuanzia hatua aliyoiruka mpaka kitufe alichobonyeza. Hakusema kwamba aliiruka wakati anajibu ujumbe wa mumewe. Mumewe alilifikia hilo mwenyewe, kwani alikumbuka saa aliyoandika, akaitoa misumari mdomoni.

"Kwa hiyo ungengoja kidogo tu," wifi aliuliza, "angepata?"

"Angepata. Ya mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine ni nani kwako?"

"Simjui."

"Humjui." Wifi aliwatazama wote wawili, akitafuta shahidi. "Mtu hajulikani, na kamshinda baba."

"Ulijua yumo ndani?" aliuliza mumewe. Sauti yake haikuwa na ukali, na heri ingekuwa nao.

"Nilijua. Ulikuwa umeniandikia."

Mume alirudisha macho kwenye kiti, lakini hakupiga msumari.

Ndani, Mzee Bisibisi alikuwa mezani na redio aliyoifungua. Alikuwa anatambua skrubu kwa vidole, kubwa kushoto, ndogo kulia. Alikuwa amesikia kila neno. "Njoo ukae," aliita, na mkamwana akaenda, akakaa.

"Ule ukurasa ulipogeuka mweupe," mzee alisema, "mimi nilidhani ni jicho."

Mumewe aliacha kiti cha mteja, akaja mlangoni kando ya dada yake.

"Nilikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa, nimeshaweka kidole, mara kukawa kweupe. Nikajiambia basi, limekwenda. Nikatulia. Sikutaka kumwambia mwenzangu hapa, angepiga mayowe. Halafu nikamsikia anagombana na simu, nikashukuru. Kumbe ulikuwa wewe."

Alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mkamwana alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanaanguka juu ya meza, karibu na skrubu. Mzee aliyasikia, akazisogeza skrubu zisilowe.

"Usilie kwanza, nauliza. Huyo Mvivu. Alikuwa hajui kwamba mambo yamebadilika, sawa. Sasa mbona hakujua kwamba hajui?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Hakuna anayemwuliza hilo, baba. Kipimo kinamwuliza kama yu hai tu. Ndiyo niliyoyaandika kwenye maelezo, kwamba tuongeze swali."

"Na watakubali?"

"Sijui."

"Watakufukuza?"

"Sidhani. Sijui."

Mlangoni wifi alikuwa anakwangua meno ya kitana kwa ukucha. Mzee alitikisa kichwa. "Madaktari wanarudi lini?"

"Hawajasema, baba. Huwa hawasemi."

"Aa." Aliokota skrubu moja, akaileta karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Akaiweka chini upande usio wake. "Hapo kazini kwenu, wageni wanaruhusiwa kuingia kwenye hiyo mitambo?"

"Kwa ruhusa. Mtu anaombewa, anapangiwa siku. Inachelewa kidogo."

"Niombee kesho," alisema Mzee Bisibisi. "Waambie wasicheleweshe, mwanangu. Nataka nimwone Mvivu nikiwa bado naona."